Alama ya Kidole Kando ya Aktaioni

Niliajiriwa kwa sababu ya viganja vyangu. Sikujua lolote kuhusu michoro. Nilikuwa napiga pasi mashuka ya hoteli moja West Bay, Doha, ghorofa ya chini kabisa, ambako mtu hajui kama nje kumekucha au kumekuchwa. Siku moja wakaja watu wa jumba la sanaa kutafuta wafanyakazi wa chumba chao cha karatasi. Tulipangwa mstari, wanawake kwa wanaume, na Mhindi mmoja mfupi wa Kerala akapita akimpa kila mtu kipande cheupe cha karatasi ya kunyonya maji. "Shikeni kwa vidole viwili," akasema, "na msiongee." Tulisimama pale dakika tano tukijiona wajinga. Kisha akavikusanya vile vipande, akaviinua kimoja kimoja kwenye taa. Vya wenzangu vilikuwa na madoa ya jasho. Changu kilikuwa kikavu vilevile. Akanitazama kwa mara ya kwanza, akasema, "Wewe, dada, njoo Jumapili."

Huyo ndiye Kurian, fundi wa karatasi. Ninyi vijana wa chumba cha karatasi mlimkuta ana mvi na anatabasamu. Mimi nilimkuta na nywele nyeusi na hatabasamu ng'o. Tuliongea Kiingereza cha Doha, kile kilichokatwa mikia na kutiwa khalas na yalla za Kiarabu kila mahali, nami nitakiandika hapa kwa Kiswahili ili tuelewane. Mmeniomba niandike habari za kazi kabla sijasahau. Vyeo na mishahara siviandiki, vina wenyewe. Nitawaandikia kuhusu woga, maana ndio niliokaa nao mle ndani kuliko nilivyokaa na mtu yeyote, na nitawaandikia kuhusu Aktaioni, yule wa kwenye mchoro, ambaye habari zake mmezisikia nusu nusu.

Wiki ya kwanza sikugusa mchoro hata mmoja. Kurian alinipa ukurasa wa gazeti, akamwaga juu yake kijiko cha unga wa ngano, akaniambia niubebe kutoka meza ya dirishani hadi meza ya kabatini bila unga kusogea. Ulisogea. Nikarudia. Siku ya tatu nilikuwa naota unga. Nilimuuliza kama nimeajiriwa kupika chapati, akajibu kwamba chapati ikiharibika unapika nyingine. Basi nikaendelea kubeba gazeti langu.

Siku ya nane ndipo akanifungulia boksi. Ndani mlikuwa na mgongo wa mwanamume, umechorwa kwa chaki nyekundu, kila msuli mahali pake, hana kichwa wala miguu. "Chaki hii haijashikamana na karatasi," akaniambia. "Imelala tu juu yake, kama ule unga. Ukipumua vibaya, inahama. Mtu aliyechora amekufa miaka mia nne iliyopita. Hatachora tena." Nawaambia kweli, nilirudi nyuma hatua moja. Nilishawahi kuunguza shuka la hoteli na kukatwa mshahara wa siku moja, lakini hili halikuwa shuka.

Kwa wale waliokuja juzi, na ambao bado wanadhani tunatunza picha za watu uchi, nieleze kidogo. Hivi vyetu havikuwa vitu vya kutundika. Mchoraji wa Roma au Bologna alikuwa akipewa dari la jumba la tajiri alijaze miungu ya Wagiriki na Warumi wa kale. Dari ni kubwa, na lipu ikishakauka huwezi kubadili mawazo. Kwa hiyo kwanza alimvua nguo mfanyakazi wa pale karakanani, akamfunga mkono kwa kamba kwenye boriti ili usichoke, akamchora kwenye karatasi mara moja, mara mbili, mara kumi. Mkono peke yake. Goti peke yake. Akiridhika, anachora miraba juu yake ili fundi akuze mraba kwa mraba hadi darini. Karatasi ile ilikuwa ya kazi, ya kukanyagwa na kutupwa. Ndiyo maana nina mapenzi nayo kuliko dari lenyewe: unamwona mtu akitafuta, akikosea, akirudia. Hercules wetu mmoja, wa boksi la sita, ana kitambi cha mwoka mikate. Kwenye dari, naambiwa, kitambi hakipo.

Na hadithi zenyewe! Nilikulia kanisani, mambo ya adhabu nayajua, lakini miungu ile ilikuwa na hasira za karibu mno. Huyu kachunwa ngozi kwa kupiga zumari vizuri kupita kiasi. Yule kageuzwa mti kwa kumkataa mwanamume. Mwingine amefungwa mwambani, ndege anamla ini kila siku. Rafiki yangu Nakato, Mganda, mlinzi wa ukumbi wa juu, ambaye tulikaa naye chumba kimoja Al Rayyan miaka yote ile, alikuwa akinitania tukiwa kwenye basi la Ijumaa, siku yetu ya mapumziko, kwenda kanisani Abu Hamour: "Banange, Mama Mumbua! Wiki nzima unashinda na wanaume uchi, Ijumaa unaimba kwaya!" Nilimjibu kwamba wanaume wenyewe wako kwenye mateso, hakuna wa kutamanisha. Alicheka mpaka dereva akageuka.

Masharti ya chumba mnayajua, lakini niyarudie kwa sababu kila moja lina kaburi la mchoro nyuma yake. Hakuna kalamu ya wino, penseli tu. Hakuna pete, hakuna rangi ya mdomo, hakuna kuongea juu ya karatasi. Kasha la michoro likiletwa kutoka nje, hasa miezi ya joto ambapo ukitoka mlangoni miwani inafunga ukungu, linakaa siku nzima bila kufunguliwa hadi lipoe taratibu. Na hakuna glavu. Wageni hushangaa. Glavu haisikii, vidole vikavu vinasikia karatasi inapoanza kukunjika kabla haijakunjika. Kurian alikuwa akisema glavu ni za watu wasiojiamini na za kwenye sinema.

Miaka ilipita hivyo. Nilibeba labda kila karatasi ya chumba kile. Viganja vyangu vikawa hadithi, wageni wakija, Kurian aliwaambia, "Huyu ndiye Agnes, hajawahi kuacha doa." Nami nilivimba kichwa, kwa nini nisivimbe. Sifa hiyo ndiyo iliyokuja kuniponza.

Nilipofika umri ambao mwanamke damu inakoma, joto likaanza. Wanawake wenzangu mnaosoma hili, yatawafika, msicheke. Unasimama tu, mara moto unapanda kutoka kifuani hadi masikioni, na jasho linakutoka mahali ambapo hukujua pana matundu. Mimi lilinitoka viganjani. Mara ya kwanza nilikuwa nimeshika karatasi tupu, namshukuru Mungu. Niliiweka mezani, nikaona vidole vyangu vinne vimejichora juu yake vizuri kabisa. Niliikunja nikaitia mfukoni kama mwizi.

Ningesema siku ile ile, haya yote yasingekuwapo. Lakini fikirini. Niliajiriwa kwa viganja. Kibali changu cha kukaa nchini kilitegemea kazi ile, na Mumbua, binti yangu, alikuwa mwaka wa pili wa uuguzi kule Eldoret. Niliona mambo yote kwa mpigo: viganja, kazi, kibali, ndege, mtoto nyumbani na vitabu vyake. Nilijaribu kulala na feni usoni. Nilikunywa majani aliyoniletea Nakato, machungu kama nini. Halafu nikakumbuka shabu. Ni lile jiwe jeupe la dukani, la chumvi chumvi, wanalopaka kwapani kuzuia jasho. Nililipata sokoni kwa bei ya chai ya karak. Kila asubuhi, kabla ya kuingia chumba cha karatasi, nililitia maji nikajisugua viganja hadi vikakakamaa. Na kweli vilikauka. Wiki sita nzima vilikauka, nikajiona mjanja.

Ndipo Aktaioni akaja. Alitoka kwenye nyumba ya familia moja ya zamani Ulaya, haikuwahi kumwonyesha mtu, na picha pekee iliyokuwapo ilikuwa ndogo kama stempu, nyeusi na nyeupe. Kasha lilipumzika siku yake. Kurian alikuwa na homa, akanipigia simu: "Mfungue wewe, dada. Mpime, ujaze fomu ya hali yake, umlaze. Nakuamini." Niliingia peke yangu saa tatu asubuhi, nikafunga mlango.

Sijawahi kuona mchoro kama ule. Aktaioni alikuwa mwindaji. Alipotea njia msituni, akamkuta mungu wa kike Diana anaoga. Hakukusudia. Diana akamrushia maji, akamgeuza paa, na mbwa wake mwenyewe wakamrarua, kwa sababu alitaka kuwaita kwa majina na sauti haikutoka. Mchoraji alikuwa anatafuta ile nukta ya kwanza, mtu bado ni mtu, ameona alichoona na amejua. Mwili ulikuwa umechorwa mara moja tu, bila shaka. Lakini mkono wa kushoto, ule ulioinuliwa mbele ya uso, aliuchora mara tatu. Wa kwanza umefumba. Wa pili umefunguka nusu. Wa tatu vidole vyote vimetawanyika na kiganja kiko wazi, mkono wa mtu aliyekwisha. Nilimtazama nikasikia nywele zinasimama shingoni. Nikajiambia, huyu mchoraji naye aliwahi kuogopa sana.

Joto likanishika hapo hapo. Nilikuwa nimemwinua kwa pembe mbili, namhamisha kwenye ubao. Lilipanda ghafla kuliko siku zote, nikaona kizunguzungu, karatasi ikaanza kuteleza. Nikaidaka. Kidole gumba cha kulia kiligusa chaki ya bega, kikateleza, kikakaa kwenye karatasi tupu kando ya mkono wa tatu. Nilipokiondoa, kilikuwa kimebaki pale. Kidole changu, chekundu, mistari yote imekamilika, kama siku nilipochukuliwa alama za vidole kwa ajili ya kitambulisho.

Nilikaa chini. Sijui muda gani. Nilisikia mashine ya hewa ikivuma. Halafu nikainuka, nikachukua penseli, nikajaza fomu. Urefu. Upana. Kona ya juu imechanika kidogo, ya zamani. Na kwenye mstari wa mwisho nikaandika: alama ya kidole kwa chaki nyekundu, kando ya mkono wa tatu, imekuja nayo. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba mwandiko haukutetemeka.

Nilidhani wataona doa, watasikitika, basi. Nani angejua! Dokta Helena, mkuu wetu wa michoro, mama wa Kizungu mrefu mwenye haraka, alishuka kesho yake, akaweka kioo cha kukuzia juu ya alama ile, akapiga kelele. "Ni yeye! Ni kidole chake! Angalieni, amejaribu mkono mara tatu, na hapa amepumzisha kidole akifikiri!" Alinishika mabega. Alikuwa na machozi. Mimi nilisimama pale nimekauka, na kidole chenyewe nimekikunjia ndani ya ngumi.

Kutoka siku hiyo alama ile ikawa na maisha yake. Ikaandikiwa maelezo ya ukutani. Ikakuzwa ikawa bango la maonyesho, kidole changu kirefu kuliko mtu, kimetundikwa kwenye ukumbi wa kuingilia. Kila asubuhi nilipita chini yake nikiinamisha kichwa. Walinzi walipiga nacho picha. Jirani yetu mmoja, Mkenya mwenzangu, fundi wa lifti, aliniambia, "Aki, huyo msee alikuwa na kidole kidogo, kama cha mama." Nilitaka kuanguka. Usiku silali, mchana nikiona mtu mwenye faili nadhani amekuja kwangu. Alama za vidole vyetu sote ziko serikalini, mnajua. Ilitosha mtu mmoja tu mwenye wivu kusema zilinganishwe.

Mwisho nikamwambia Nakato. Tulikuwa tunamenya viazi. Aliacha kisu.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe na Mungu."

"Basi tosha. Huyo wa juu hana simu ya Dokta." Akanisogelea. "Mama Mumbua, sikiliza. Hujaiba. Hujaua. Wao wenyewe wamejidanganya, wamefurahi. Nani anaumia? Nyamaza, we. Ukisema, utapanda ndege wiki hiyo hiyo, na mimi nitabaki na nani?"

Alikuwa analia, naye Nakato si mtu wa kulia. Nikanyamaza kama alivyosema.

Ila kulikuwa na mtu anayeumia, na mimi nilikuwa wa kwanza kumwona. Kama wiki ya nne hivi nilimtoa Aktaioni apigwe picha, nikaona kuzunguka ile alama pamekuwa na rangi ya chai nyepesi. Wiki ya sita ilikuwa chai ya kweli. Kurian naye aliona. Alipima, akapima tena, akavua miwani akaifuta.

"Siielewi," akasema. "Alama ya miaka mia nne ingekuwa imetulia. Hii inatembea. Karatasi inakuwa chachu, inaliwa." Akaniangalia. "Dada, ulipoifungua ilikuwa hivi?"

Mtu huyu alinifundisha kubeba unga. Nilimwangalia machoni nikasema, "Ilikuwa hivi."

Akatikisa kichwa polepole. "Ingekuwa mpya ningeitoa. Ningejua ni nini, nikaitoa. Lakini kama ni ya mchoraji mwenyewe, siwezi kuigusa, Dokta ataniua. Na ikiachwa, itafika kwenye mkono. Huo wa tatu. Utatoboka." Alimwomba Dokta wasimtundike Aktaioni kwenye taa. Dokta akakataa, bango limeshatoka, wageni wamealikwa, Aktaioni bila kidole ni nini? Nilisikia wakibishana mlangoni. Kurian, ambaye hakuwahi kupaza sauti, alipaza.

Shabu. Ndiyo yenye chachu, ndiyo iliyokuwa inaila karatasi. Yeye hakujua ni shabu, na angejuaje? Mimi ndiye niliyejua. Nilikuwa na dawa ya mgonjwa kinywani mwangu na sikuifungua. Wiki tatu nyingine nilibeba kinywa hicho kwenda kazini na kurudi. Kanisani niliimba bila sauti. Mumbua alinipigia simu kuniambia amefaulu mitihani, nami nikafurahi na kuogopa kwa wakati mmoja hadi akauliza, "Mum, uko sawa kweli?" Nikasema ni joto la Doha.

Ilikuwa Jumatano, siku ya kumtundika. Asubuhi nilimfungua Aktaioni kwa ajili ya fremu. Ile rangi ya chai ilikuwa imefika kwenye kidole kidogo cha mkono wa tatu. Imekigusa tu, kwenye ncha. Niliinama karibu mno, pumzi nikaizuia. Mkono ule alioutafuta mchoraji mara tatu, akaupata, ukakaa salama kwenye makabati ya watu na safari za vita na mafuriko, na sasa unaliwa na jiwe langu la sokoni. Nilimwangalia usoni, na mdomo wake ulikuwa umefunguka kidogo. Yeye hakupewa sauti. Mimi sauti nilikuwa nayo.

Nisiwadanganye kwamba nilipata ujasiri. Niliogopa zaidi ya siku zote. Lakini nilichukua ile fomu, nikapiga mstari juu ya "imekuja nayo". Chini yake nikaandika: kidole ni changu, Agnes, nilikiweka siku ya kufungua, viganja vilikuwa na jasho na shabu. Halafu nikafikiri, maneno matupu hukanushwa. Wanaweza kuyapuuza, waseme mama amechanganyikiwa na umri. Nikasugua penseli laini kwenye kidole gumba hadi kikawa cheusi, nikakigandamiza kando ya maneno yale, kwa nguvu, walinganishe wenyewe. Nikapeleka fomu mezani kwa Kurian, nikasimama.

Alisoma mara mbili. Akatoa kioo chake, akaenda kwa Aktaioni, akarudi kwenye fomu, akaenda tena. Nilisubiri anitukane. Alisema tu, "Shabu kiasi gani?" Nikamwonyesha kwa vidole. "Na maji?" Nikamwambia. Alikuwa tayari anafungua droo ya dawa. "Mwite Dokta. Hapana, kaa. Mimi namwita mwenyewe."

Dokta Helena alisoma akiwa amesimama, kisha akakaa juu ya kasha, jambo ambalo yeye mwenyewe alilikataza. Uso wake uligeuka mweupe kabisa. Nikaelewa kwamba naye anaogopa. Alikuwa amewaandikia watu wa Roma, wa Paris, wa kila mahali. "Nimeweka bango," akasema. "Agnes, nimeweka bango urefu wa ghorofa mbili." Nikasema najua, napita chini yake kila siku. Alinitazama, na kwa muda nilidhani atanipiga. Kisha akacheka kicheko kibaya kifupi, akafuta macho. "Kilikuwa kidogo," akasema. "Nilijiambia alikuwa na mikono midogo. Niliandika ukurasa mzima kuhusu mikono yake midogo." Akainuka. "Kurian, kitoe. Na bango lishuke leo." Alipofika mlangoni akageuka: "Na wewe usiende popote. Nani atamshikia taa?"

Barua ya onyo niliipata, ipo kwenye faili langu, haina utani. Miezi minane nilikata makadibodi ya kuwekea michoro tu, sikugusa mchoro. Lakini ndege sikupanda. Nilikuwa nimeogopa wiki tisa kitu ambacho hakikuja. Na tangu hapo ndipo likaja lile zoezi mnalolilalamikia, la kushika karatasi ya kunyonya maji kila asubuhi, na mwenye jasho anasema tu, anaenda kwenye makadibodi siku hiyo. Asubuhi ya kwanza wanaume watatu walijitokeza. Mmoja wao alikuwa akificha viganja vyake tangu mwaka alioajiriwa.

Kazi yenyewe ya kuitoa alama tuliifanya mchana ule ule wa Jumatano. Kurian alimlaza Aktaioni kwenye meza ya kunyonya, ile inayovuta maji kwa chini, nami nikashika taa kwa mikono miwili. Alianza na brashi, akiinua chaki yangu chembe kwa chembe. Halafu maji yenye dawa, tone moja, anasubiri, karatasi ya kunyonya, tone lingine. Saa nzima, saa ya pili. Mistari ya kidole changu ikaanza kupotea, ile ya nje kwanza. Ncha ya kidole kidogo cha Aktaioni ikarudi rangi yake, nikasikia machozi yananitoka nikageuza uso yasianguke. Kurian aliendelea hadi alipoacha kuendelea. Alibaki ameinama, tone liko kwenye ncha ya brashi.

Doa lilikuwa bado lipo. Si jekundu tena, wala si umbo la kidole, kivuli tu cha rangi ya chai, mapana ya ukucha.

"Ongeza," nikamwambia.

"Nikiongeza, karatasi itakwisha." Aliweka brashi chini. "Siku ya kwanza ingetoka yote, dada. Hii iliyobaki ni ya wiki tisa."

Hakusema kwa ukali. Alizima yeye mwenyewe taa yangu, maana mimi vidole vilikuwa vimeganda kwenye swichi. Akachukua fomu, akachonga penseli, akaandika kilichobaki na mahali kilipo, akanipa nami niweke sahihi.